Usiache Alhamisi Yako

Keroka,
2 Novemba 2025.

Mwanangu Kemunto,

Mvua inapiga kila alasiri na njia ya kwa baba yako haipitiki bila gambuti, lakini majani chai yanachipua vizuri. Bonasi ililipwa mwezi uliopita, nayo ilikuwa kidogo. Wakulima wa ng'ambo ya Bonde la Ufa wanalipwa zaidi kwa kilo ileile, basi kwenye kituo cha chai ni manung'uniko asubuhi hadi jioni. Ndugu yako yuko kwenye mtihani wa KCSE, mwombee. Ng'ombe wa marehemu nyanya yako amezaa ndama jike, na baba yako amekataa kumuuza ingawa ameletewa bei nzuri.

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma, nikaurudia. Nimeona nikujibu kwa barua kwa sababu jambo lenyewe halienei kwenye simu. Unasema unataka kuacha kwenda kwa yule mwanasaikolojia wako wa kila Alhamisi. Tangu uanze, usingizi umeharibika. Anakuuliza habari za utotoni, na wewe ulimwendea kwa sababu ya hali uliyo nayo sasa: upo lakini haupo, unakula bila kusikia ladha, unacheka na wenzako kazini huku uko mbali na kicheko chako mwenyewe. Unasema pia mzee mmoja wa kanisa amekwambia hayo ni mambo ya Wazungu, na binamu zako wanasema umerogwa. Nitakujibu yote, ila neno langu ulijue mapema. Usiache.

Nilikuona Agosti tulipomzika nyanya yako. Ulisimama upande wa migomba, mikono umeikunja, macho makavu, ukitazama mazishi ya mtu uliyempenda. Waliokuwa karibu nami walisema Nairobi imekufanya mgumu. Mimi sikushangaa, kwa sababu niliwahi kukuona ukisimama vivyo hivyo uani kwangu mwaka wa 2008.

Ulikuwa na miaka saba. Matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalikuwa yamewasha nchi, na mpaka wetu wa Borabu na Sotik ukawaka nao. Nyumba ziliteketezwa pande zote mbili, Chepilat ikaungua, watu wakafa waliokuwa wakiuziana maziwa na mahindi wiki moja kabla. Tume ya Jaji Waki ilihesabu baadaye watu 1,133 waliouawa nchi nzima. Haikuwa kazi yake kuwahesabu watoto waliolala ndani ya chai usiku kucha, mkono wa mama ukiwa umewaziba midomo, na watoto hao walikuwako upande wetu na upande wa pili vilevile. Mlifika kwangu alfajiri. Sweta ulilivaa mbele nyuma, mguu mmoja hauna kiatu. Nilikupa uji ukasema asante. Ukavua lile sweta, ukalikunja magotini, ukalikunjua, ukalikunja tena mpaka pembe zikakutana sawasawa. Hukulia siku hiyo wala siku zilizofuata. Majirani waliokuja kutupa pole wakakusifu kwamba mtoto huyu ana adabu, hasumbui mtu. Sifa hiyo ikakufuata shuleni, ikakufuata chuoni, na sasa naona iko nawe kazini, ambako kila mtu anakupenda na hakuna anayekujua.

Ukimya ule haukuwa adabu. Ulikuwa ganzi, na ganzi ile ilikuokoa. Mtoto wa miaka saba hawezi kupigana na hawezi kukimbia mbali. Kilichobaki kwako ni kuuacha mwili umelala pale chini ya miti ya chai na wewe mwenyewe kwenda kusikofika kelele. Ungelia, mngesikika. Kwa hiyo asije mtu yeyote akakwambia umeumbwa na kasoro. Tatizo ni kwamba makubaliano yalitiwa saini tarehe 28 Februari mwaka ule, watu wakarudi mashambani, na ganzi yako ikabaki kazini hadi leo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe hukuficha, mwanangu. Ulifichiwa, na waliokufichia walikupenda.

Sasa nikueleze jambo ambalo hata baba yako hajawahi kulisikia kinywani mwangu. Najua atasoma barua hii, maana barua zangu huzunguka nyumba nzima, nami nimekubali asome.

Nilikeketwa nikiwa na miaka minane, likizo ya Desemba, alfajiri ya baridi. Nyanya yako alikuwa nje pamoja na wanawake wengine wakiimba, na katika sauti zote nilitambua yake. Wembe niliusahau. Kilichobaki ni ile sauti ya mama yangu akifurahi wakati mimi namhitaji aje. Simlaumu, alifanyiwa hivyo na mamake, na aliamini ananipa heshima. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014, miaka mitatu baada ya sheria kupiga marufuku jambo hilo, ulikuta kiasi cha wanawake 84 katika kila 100 wa jamii yetu ya Kigusii wamekatwa. Tuko wengi hivyo, kuanzia Kisii mjini mpaka Nyamira, na ukituketisha kwenye mkutano wa akina mama utasikia habari za ada za shule na bei ya ndizi tu.

Nikakua, nikawa nesi, na nikasifiwa. Wodi ya kujifungulia walinipenda kwa sababu mikono yangu haikutetemeka. Damu, vilio, mtoto aliyezaliwa amekufa, yote niliyashughulikia kwa utaratibu, na nikitoka nje ya lango sina ninachosikia, si huzuni wala furaha. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliwahi kuniambia kwamba anaishi na mtu aliye safarini.

Miaka ile UKIMWI ulipokuwa unatumaliza, hospitali zilihitaji washauri nasaha, nami nikapelekwa kusomea kazi hiyo. Kanuni ya mafunzo yetu ilikuwa kwamba kila mwanafunzi naye akae na mshauri wake, kwa maana huwezi kumvusha mtu mto usioujua. Nilipangiwa mama mmoja wa makamo, mtulivu, aliyefunzwa tiba ile inayoitwa ya saikodinamiki, ndiyo hii hii unayoipata wewe. Kwa miezi nilimpelekea ndizi. Nikifika nauliza habari za watoto wake, za mgongo wake, za safari. Siku moja akaniambia kwa upole, "Naona kila tukikaribia nyumbani kwenu unaniuliza kama nimekula." Nikacheka. Usiku ule sikulala.

Siku nyingine akachelewa. Alipoomba radhi nilimwambia hakuna neno, lakini nilikuwa nimekasirika hata nashindwa kumtazama, na hasira yenyewe ilikuwa kubwa kuliko kosa. Hakujitetea, wala hakunituliza. Aliniuliza kama kuna mtu mwingine niliyewahi kumngoja asije. Nikafungua kinywa kusema hakuna, na nilichosikia kichwani ni ule wimbo wa alfajiri. Nililia mpaka saa yangu ikaisha. Wiki iliyofuata nilikwenda nikiogopa kwamba atakuwa amenichoka, nikamkuta ameketi palepale, kiti changu kimegeuzwa upande wa dirisha kama nilivyopenda.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe, Kemunto, na ndiyo sababu anakuuliza habari za utotoni. Mambo ya zamani hayaji yakiwa hadithi iliyopangwa. Yanakuja leo, ndani ya chumba kile, kwa sura ya hasira kwa mtu aliyechelewa, au usingizi unaokushika katikati ya mazungumzo, au ule uchangamfu wako wa kumuuliza mwenzako habari zake ili asiulize zako. Aliyefunzwa huyaona, hukuonyesha bila kukuaibisha, na hakimbii. Uliumia palipokuwa na watu na ukakosa mtu wa kukushika. Dawa haiwezi kupatikana katika upweke, hata ukisoma vitabu vyote vya dunia.

Umeambiwa ni mambo ya Wazungu. Katika mafunzo yetu tulisoma habari za Mary Ainsworth, aliyekaa Uganda mwaka wa 1954 na 1955. Alizitembelea familia 26 za Waganda karibu na Kampala, akatazama jinsi watoto wachanga wanavyomfuata mama kwa macho, wanavyolia akitoka na wanavyotulia akirudi. Mengi ambayo dunia inayajua leo kuhusu kifungo cha mtoto na mlezi wake yalionekana kwanza katika nyumba zile, yakaungana na kazi ya John Bowlby kule London. Kwa hiyo Wazungu walikuja kujifunza kwa akina mama wa huku. Na walikuja kwetu pia. Robert LeVine alifika Gusii katikati ya miaka ya 1950, akarudi miaka ya 1970 na wenzake, na katika kitabu walichotoa mwaka wa 1994 waliandika kwamba mama wa Kigusii humbeba mtoto, humnyamazisha upesi akilia, ila hamsemeshi sana wala hamkazii macho. Shabaha yake ni mtoto atulie. Ndivyo nilivyolelewa na ndivyo nilivyolea, sioni aibu yoyote, mgongo wa mama ni dawa. Lakini mtoto wa namna hiyo anahitaji mgongo uwepo. Usiku ule wa chai mama yako mwenyewe alikuwa anatetemeka, na wewe ukalazimika kujituliza peke yako.

Mzee wa kanisa asisahau pia ababari wetu, mafundi wa kichwa. Mtu akipigwa kichwani na maumivu yasikome, ababari walipasua ngozi, wakakwangua fuvu, wakafunga, na mgonjwa akaishi. Madaktari wa hospitali walisafiri kuja kuandika habari za upasuaji huo. Watu wetu hawakuwahi kuona aibu kumwendea fundi wa kichwa. Nami ni Msabato tangu ujana wangu, sijaona andiko linalokataza. Omba Jumamosi, na Alhamisi uende.

Kuhusu kurogwa, hapa nitakuwa mkali kidogo, na wanaosoma begani kwako wasikie. Neno hilo lisitoke katika nyumba yetu. Oktoba 2021 kule Marani wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa kusingiziwa uchawi, na mwezi Mei 2008 wazee wengine walichomwa moto hapa hapa Kisii kwa sababu hiyohiyo. Kijana akibadilika tabia, watu hutafuta bibi wa kumtwika, kwa kuwa ni rahisi kumnyoshea kidole jirani mzee kuliko kuuliza huyu mtoto aliona nini. Binamu yako akikwambia tena umerogwa, mwambie unajua kilichokupata, kina tarehe na kina mahali.

Kuna jambo moja lililo letu, nalo linanifanya niamini kwamba njia hii inatufaa kuliko wanavyodhani. Unajua chinsoni ilivyo. Mtoto hamwelezi babake mambo ya ndani, na baba hayaulizi, na wote wawili wakikaidi wanaona wamevuliwa nguo. Mimi siivunji. Lakini wazee waliotuwekea mpaka huo walituwekea na mlango. Palikuwa na nyumba ya nyanya. Wasichana tulilala huko, na kwa nyanya hapakuwa na mpaka: ulimuuliza lolote, ukamwambia lolote, akakucheka, akakukemea, na halikufika kwa baba. Vita viliwatoa Borabu kabla hujafika umri wa kulala kwa nyanya, na mlipokuja kuishi huku mlibanana nyumba moja na wazazi. Mlango ule hukuwahi kuupata. Mtu unayemwendea Alhamisi amekaa mahali pale pa nyanya. Si mzazi wako, haoni haya, hachukui neno lako kulipeleka kwa mtu. Ndiyo maana sikuambii ukae na baba yako mzungumze usiku ule. Labda siku moja mtazungumza. Hakuna anayekudai.

Sasa usingizi. Ganzi ikianza kuondoka, maumivu hutangulia kurudi na raha hufuata nyuma. Nimeliona kwangu na kwa wengi niliokaa nao. Lakini inawezekana pia kwamba mwendo umekuwa wa haraka kwako, na hilo una haki ya kulisema. Chai huchumwa majani mawili na chipukizi, ukivuta tawi zima umeharibu mti. Judith Herman, daktari Mmarekani aliyeandika kitabu mwaka wa 1992 kinachotegemewa hadi leo, alifundisha kwamba usalama hutangulia, kukumbuka na kuomboleza hufuata, na mwishoni mtu huunganika tena na watu na maisha. Usalama ukilegea hata baada ya miezi, mnarudi pale, na si kushindwa. Mwambie mwanasaikolojia wako hulali. Mwambie waziwazi, usimpelekee ile adabu yako. Mwombe dakika za mwisho za kila kikao ziwe za mambo ya leo, ya kazi, ya chakula cha jioni, ili usitoke mlangoni ukiwa bado Borabu. Ukijisikia unapotea mbele yake, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, utaje unavyoviona chumbani kimoja kimoja, pazia, saa, kalamu, mpaka urudi. Na siku ambayo hutaki kugusa jambo, sema leo sitaki. Aliyefunzwa vizuri habari za kiwewe atakushukuru kwa neno hilo.

Akikulazimisha, akikudharau, akiyataja mambo ya wagonjwa wengine mbele yako, au akitaka muonane mahali pasipo pa kazi, hapo ondoka na unipigie simu, tutatafuta mwingine. Tangu 2014 tuna sheria ya washauri na wanasaikolojia, kwa hiyo kumuuliza mtu kama amesajiliwa si utovu wa heshima. Lakini kwa uliyonieleza sioni kosa lake. Naona mtu anayekukaribia, na wewe hujazoea kukaribiwa.

Kampeni za 2027 nazo haziko mbali. Magari yenye vipaza sauti yakianza kupita, watu wakianza kusema sisi na wao, mwili wako utashtuka kabla yako. Lizungumzeni mapema, mpange utakuwa wapi siku za kupiga kura na siku za kungoja matokeo.

Na likija wazo la kufa, mwanangu, usilifungie chumbani. Nipigie saa yoyote ya usiku, au piga 1199, simu ya Msalaba Mwekundu isiyolipiwa, au nenda hospitali iliyo karibu. Usiogope polisi. Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Nakuandikia hili si kwa kuwa nimeona dalili kwako. Nakuandikia kwa sababu nimekuwa nesi, na nesi husema.

Fedha isiwe sababu. Ukibanwa, mweleze, mkutane kila baada ya wiki mbili kuliko kukatiza ghafla. Kutoweka bila kuaga ni ganzi ile ile imepata njia nyingine. Hata siku mtakapomaliza, mmalize kwa kuagana, mchukue vikao kadhaa kuagana, maana ninyi mliohama usiku hamkuwahi kufunzwa kuaga. Katika bonasi yangu nimekutengea kitu, utakiona kwenye M-Pesa yako kesho. Ni cha Alhamisi peke yake, usikinunulie viatu.

Desemba wasichana wa binamu yako watakuwa kwangu likizo nzima, kama kila mwaka, mpaka shule zifunguliwe, ili wasipelekwe popote. Mkubwa wao ametimiza miaka minane na ana maswali mengi kuliko ninavyoweza kujibu peke yangu. Ukipata ruhusa kazini, njoo ukae nasi angalau wiki ya Krismasi. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi. Mwambie mwanasaikolojia wako mapema kwamba utasafiri, mkubaliane siku ya kurudi, na uniandikie baada ya Alhamisi hii unieleze tu kwamba ulikwenda. Mliyozungumza sitauliza.

Ni mimi shangazi yako akupendaye.